Penseli Pembeni

Marehemu Lali Kupi hakuacha dhahabu.
"Mewata zuo tu," aliniambia mjane wake, Bi Mwanatumu,
amesimama mlangoni pa duka langu la fotokopi
na kitabu kimoja ndani ya mfuko wa sukari.
"Soma, kisha uniambie kinafaa nini."

Mimi si msomaji. Mimi hunakili vyeti,
hati za viwanja, vitambulisho pande zote mbili,
karatasi mia tano kwa siku, na sijui zinasema nini.

Cha kwanza kilikuwa cha upelelezi.
Ukurasa wa arobaini nilishamjua muuaji,
yule mpwa mwenye adabu kupita kiasi,
lakini mpelelezi alikuwa bado anakunywa chai.
Nilihesabu: vikombe kumi na tisa.
Nikamtukana kwa sauti, mteja akadhani ni yeye.
Na bado usiku ule wali wangu uliungua
kwa sababu mpwa alikuwa ameingia stoo na kisu.
Pembeni, kwa penseli, Lali ameandika: Chai tena!
Nikacheka, mimi na mtu aliyekwisha kuzikwa.

Cha pili, mashairi.
Hicho nilikipita kama kichochoro chenye maji,
nikitafuta pa kukanyaga.
Kuna beti nilizosoma mara tatu zikanikatalia.
Kuna mmoja, wa mama anayehesabu vijiko baada ya matanga;
maneno yake siyakumbuki.
Nakumbuka nilivua miwani,
na umeme ulipokatika nilishukuru.
Hapo Lali hakuandika kitu. Alikunja ncha ya ukurasa tu.

Cha tatu ndicho kilichoninyima usingizi,
na naona haya kusema kilikuwa cha ufugaji wa nyuki.
Hakuna mapenzi, hakuna mzuka.
Mizinga, moshi, majira ya maua.
Mwandishi anasema kama mtu anayekuelekeza njia
na hataki asante.
Sasa najua nyuki hufanya kwanza kazi za ndani,
safari za mbali huachiwa uzeeni.
Nimemweleza kila aliyeleta cheti cha kuzaliwa.
Kwenye jedwali la gharama Lali amejumlisha:
mizinga sita, kamba, nauli ya Mpeketoni.
Akakata. Akajumlisha tena, mizinga mitatu.
Akakata.

Cha nne sikukipenda, na hakinitoki.
Bwana mmoja anamwacha mke na watoto wawili,
anatoka usiku, viatu mkononi asimwamshe mtu,
anafungua duka mji mwingine.
Nilimngojea adhabu kurasa mia mbili.
Mwandishi akaninyima. Bwana anazeeka vizuri,
ana meno yake yote, majirani wanamsalimu kwa heshima.
Nilitaka kukitupa kitabu kile mtaroni.
Lakini kando ya vile viatu mkononi
kuna neno moja la Lali, limekandamizwa
hata upande wa pili kidole kinalisikia:
Laiti.

Laiti nini, Lali?
Karani wa ghala la saruji miaka thelathini na mmoja,
wewe uliyekuwa ukirudi Langoni kabla ya magharibi
na mkate kwapani, moto bado.
Laiti yeye asingetoka?
Laiti nani angetoka?

Bi Mwanatumu alikuja Alhamisi kukichukua.
Kitabu kilijifungua chenyewe pale pale.
Msahafu anausoma kwa tajwidi inayonyamazisha chumba,
herufi hizi nyingine hakufundishwa.
Akaweka kidole juu ya neno.
"Na hapa meandikani?"

Mashine ilikuwa inatema cheti cha mtu.
Nikasema, "Bei ya saruji."
"Mfuko mmoja?"
"Mmoja."
Kidole hakikuondoka.
"Ilikuwa rahisi," alisema, "zamani hizo,"
akakifunga, akakipangusa kwa ncha ya leso
ingawa hakikuwa na vumbi.

Cha tano kiko mezani.
Kinahusu nini, sijui bado.
Nimeanza kusoma pembeni.